Mboga za haidroponiki: madini hutoka tangini, vitamini hutoka juani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Hii ni ndefu kuliko kawaida. Ukilazimika kukata, kata historia uniachie vipimo.

Mboga za haidroponiki, yaani zilizolimwa bila udongo kwa maji ya tangi yaliyotiwa mbolea, sasa zinauzwa katika supamaketi za Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa, na kila upande una maneno yake. Muuzaji anatangaza kwamba mboga zake "zina virutubishi mara mbili". Mnunuzi anayezipita anasema hizo ni mboga za kemikali, maji matupu. Wote wawili wanabishana kuhusu udongo, na jibu haliko huko. Mmea hautengenezi madini, unayanywa. Vitamini ndizo unazotengeneza wenyewe, na nguvu ya kazi hiyo ni jua. Kwa hiyo jani la haidroponiki lina madini ya tangi lake na vitamini za mwanga wake, na huanza kupoteza sehemu ya mali hiyo tangu saa lilipokatwa.

Mzizi hauna meno. Samadi ikishaoza, naitrojeni yake huingia kwenye mmea ikiwa nitrati au amonia, zilezile zinazotoka kwenye mfuko wa mbolea wa kilo 25. Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walikwishaotesha mimea kwenye maji yenye chumvi chache tu katika miaka ya 1860. Mwaka 1938 Hoagland na Arnon wa Chuo Kikuu cha California walitoa kijitabu cha kulima kwa maji, wakati Marekani imeshikwa na homa ya kilimo hicho na watu wanaahidiwa nyanya za ajabu. Walilinganisha nyanya za majini na za udongoni zilizotunzwa sawasawa, wakakuta hazina tofauti ya maana, si kwa mavuno wala kwa lishe. Homa ile imetufikia sisi ikiwa na umri wa miaka zaidi ya themanini.

Kabla ya tangi, kuna mbegu. Majedwali ya lishe ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha kwamba gramu 100 za mchicha mbichi zina takriban miligramu 215 za kalsiamu, 43 za vitamini C na 2.3 za chuma. Saladi ya majani ya kijani, uzito uleule, ina kalsiamu 36, vitamini C 9, na chuma kisichofika miligramu moja. Hakuna tangi litakaloziba pengo la mara tano. Saladi inapendwa na wanaolima kwenye mabomba yanayopitisha maji ya tangi kwa sababu inakomaa siku 35 hadi 45, haina mizizi mikubwa ya kuziba mfereji, na hoteli zinanunua. Hizo ni sababu nzuri za biashara, ila hazihusiani na lishe. Mchicha unastawi vizuri kwenye trei ya kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi) yenye kina cha sentimita 8, unakatwa wiki ya tatu au ya nne, na sijui kwa nini unaachwa nje ya matangazo. Pengine hautokei vizuri pichani.

Sasa tangi. Kwa mboga za majani, lita 100 za maji safi zinataka takriban gramu 75 za kalsiamu nitrati, gramu 35 za potasiamu nitrati, gramu 20 za monopotasiamu fosfati (wauzaji wanaiita MKP), gramu 40 za magnesiamu salfati, na gramu 2 za chuma cha DTPA (kemikali inayokishika chuma kibaki kimeyeyuka) chenye asilimia 11. Hesabu yake inatoa karibu miligramu 160 za naitrojeni kwa lita, fosforasi 45, potasiamu 190, kalsiamu 140, magnesiamu 39 na chuma 2.2. Kipima EC, yaani mita inayopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, kitasoma kama 1.6 (milisimensi kwa sentimita) juu ya kile maji yenyewe yalichokuja nacho. Kila mbolea iyeyushwe kwenye ndoo yake, kalsiamu nitrati iingie mwisho, tangi likiwa limekwishajaa na kukorogwa. Ukitaka kutengeneza mchanganyiko mzito wa kuhifadhi, lazima uwe na madumu mawili: kalsiamu kwenye dumu lake, salfati na fosfati kwenye jingine. Ukizikutanisha zikiwa nzito, maji yanakuwa meupe kama tui na chini kunatulia unga. Unga huo ndio kalsiamu na fosforasi ya mboga zako, na hakuna mzizi utakaoufikia.

Kwa madini madogo, yale yanayotakiwa kwa kiasi kidogo sana, ndipo lishe ya mlaji inapoachana na afya ya mmea. Mchanganyiko wa Hoagland una zinki miligramu 0.05 tu kwa lita. Saladi inaridhika, inakuwa kubwa na ya kijani, na jani lake lina zinki kidogo sana. Ukipandisha hadi 0.3 mmea haubadiliki kwa macho, ila jani linabeba zaidi. Kiasi hicho kwa lita 100 ni gramu 0.13 za zinki salfati, na mizani ya jikoni haiwezi kuipima. Yeyusha gramu 13 kwenye lita moja ya maji, kisha tumia mililita 10 za maji hayo kwa kila lita 100. Usizidishe kwa kudhani unaongeza lishe: zinki nyingi hugombania njia na chuma, na majani machanga yatageuka manjano. Anayekinga maji ya mvua kwenye bati la mabati apime kwanza, maana bati lenyewe linaachia zinki.

Kuna madini mengine ambayo mwili wetu unayahitaji na mmea hauyahitaji kabisa. Seleniamu ni mojawapo, madini joto (iodini) ni mengine. Udongoni mmea huyaokota bila kukusudia, kutegemea mwamba wa mahali. Kwenye tangi hakuna mwamba: kisichowekwa, hakipo. Hapa mpinzani wa haidroponiki ana hoja, ingawa huwa haitaji. Lakini asiishangilie mno, kwani udongo nao unaweza kuwa mtupu. Ufini, ambako udongo ni maskini wa seleniamu, serikali iliamua katika miaka ya 1980 madini hayo yachanganywe kwenye mbolea za mashambani, na mpaka leo yanachanganywa. Nisieleweke vibaya: hilo si jambo la kujaribia nyumbani. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 55 za seleniamu kwa siku, na mamlaka za lishe za Marekani zinaweka ukomo kwenye 400. Nafasi kati ya dawa na sumu ni nyembamba, na kijiko hakijui mikrogramu. Madini joto tunayo kwenye chumvi ya mezani. Hayana haja ya kupita kwenye saladi.

Kosa ninaloliona likiharibu mboga nyingi kuliko yote ni kutumia NPK 19:19:19 (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu) peke yake, kwa sababu ni rahisi na inayeyuka. Haina kalsiamu, haina magnesiamu, na sehemu kubwa ya naitrojeni yake ni urea. Udongoni bakteria huigeuza urea kuwa amonia, kisha nitrati. Tangini bakteria hao ni wachache na wa kubahatisha. Halafu urea haipitishi umeme, kwa hiyo EC haiioni: mkulima anasoma namba ndogo, anaongeza mbolea, anasoma tena, anaongeza. Matokeo ni jani laini lililojaa amonia, na amonia ikizidi huzuia kalsiamu na potasiamu kuingia. CAN (kalsiamu amonia nitrati) ndiyo mbaya zaidi kwa mabomba, kwa kuwa ina chokaa isiyoyeyuka. DAP (diamonia fosfati), ambayo kila duka la pembejeo linayo, inaleta naitrojeni yote kama amonia. Hizo ni mbolea za shambani, na huko zinafanya kazi yake vizuri.

Kosa la pili ni kuiamini EC. Kipimo hicho kinahesabu chumvi zote kwa pamoja bila kusema ni zipi. Chukua simtanki la lita 1,000 linalopoteza lita 100 kwa siku, na unalijaza kwa maji ya kisima yenye sodiamu miligramu 60 kwa lita. Ndani ya siku 20 umeingiza lita 2,000 za maji, yaani gramu 120 za sodiamu juu ya gramu 60 za mwanzo. Mimea inanyonya kidogo tu, kwa hiyo tangi linaelekea miligramu 180 kwa lita. Sodiamu hiyo na mwenzake wa klorini au bikaboneti peke yao wanatoa EC ya karibu 0.8. Mita bado inasoma 1.6, mkulima anatabasamu, na nusu ya kilichomo ni chumvi. Potasiamu, nitrati, chuma na manganizi ndivyo vinavyokwisha kwanza, manganizi na chuma ndani ya siku chache. Jani linabaki kubwa lakini limekonda madini. Dawa ni kumwaga tangi zima kila wiki mbili au tatu, maji ya zamani yakamwagilie migomba, na kupima maji ya kisima kabla ya kujenga chochote. Visima vingi vya Dar es Salaam karibu na pwani vina chumvi. Vile vya ukanda wa Mlima Meru vina bikaboneti na floraidi, na floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na kwenye tangi linalozungusha maji yaleyale floraidi inazidi kujikusanya.

Kokopiti nayo ina mtego wake. Pwani yetu makumbi hufukiwa kwenye matope ya bahari kwa miezi ili yalainike, ndipo yapigwe kuwa kamba. Vumbi la makumbi hayo ni chumvi tupu. Lioshwe mpaka maji yanayotoka yasome EC chini ya 1, kisha lilowekwe saa 24 kwenye maji yenye kalsiamu nitrati ili kalsiamu iisukume sodiamu nje, halafu lioshwe tena. Anayeruka hatua ya pili atashangaa kwa nini wiki tatu za mwanzo mimea yake inakosa kalsiamu wakati tangini imejaa: vumbi linaikamata kabla mzizi haujaigusa.

Chuma kinahitaji aya yake. pH ya tangi, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ikae kati ya 5.5 na 6.5. Chuma cha EDTA, kemikali nyingine ya kukishika chuma, huanza kuachiwa pH ikipita 6.5, cha DTPA kinavumilia mpaka karibu 7.5, cha EDDHA kinaenda juu zaidi ila bei yake inauma. Adui mwingine ni mwanga: jua likipiga kwenye tangi linalopitisha nuru, EDTA na DTPA huvunjika, chuma kinatulia chini kama kutu, na mwani unaota juu yake. Taa ya urujuanimno ya kuua vijidudu inafanya uharibifu uleule. Wanaoifunga wanapaswa kuongeza chuma baada ya maji kupita, si kabla. Tangi liwe jeusi ndani na jeupe nje, lifukiwe nusu ukiweza. Maji ya nyuzi 20 yanashika oksijeni takriban miligramu 9.1 kwa lita. Ya nyuzi 30 yanashika 7.6, na mzizi kwenye joto hilo unahema zaidi. Ukifika Machi huko Dar es Salaam ukakuta mizizi ya rangi ya chai, yenye utelezi, usihangaike na mbolea. Mzizi huo hauwezi kunyonya chuma hata ukiumwagia ndoo nzima.

Nije kwenye nitrati, ambayo matangazo hayaitaji kabisa. Jani hunywa nitrati na kuigeuza kuwa protini kwa kutumia mwanga na kimeng'enya chenye molibdenamu. Mwanga ukipungua au mbolea ikizidi, nitrati inabaki imehifadhiwa kwenye jani, hasa kwenye kikonyo. Kwa kuwa tangini nitrati ipo saa zote ishirini na nne, mboga za haidroponiki zina mwelekeo wa kubeba nyingi kuliko za shambani. Umoja wa Ulaya, kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2011 na kubakizwa katika kanuni ya mwaka 2023, unaruhusu saladi ya kwenye kitalu nyumba iwe na nitrati isiyozidi miligramu 5,000 kwa kilo ikivunwa Oktoba hadi Machi, na 4,000 ikivunwa Aprili hadi Septemba; saladi ya nje msimu huo wa jua, 3,000; spinachi, 3,500; chakula cha watoto wachanga, 200. Wanalegeza kamba wakati wa baridi kwa sababu jua lao ni hafifu. Sisi wa Ikweta hatuna kisingizio hicho, isipokuwa tunajitengenezea wenyewe kwa kufunika kitalu kwa wavu mzito.

Kiasi kinachokubalika kwa mtu, kwa mujibu wa wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), ni miligramu 3.7 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 ana 222. Saladi yenye 3,000 kwa kilo itamfikisha hapo kwa gramu 75, bakuli dogo. Asiogope akaacha mboga: mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia suala hili mwaka 2008 ikaona faida ya kula mboga inazidi hatari hiyo, na nitrati kiasi husaidia hata kushusha shinikizo la damu. Wa kuangaliwa ni mtoto mchanga. Mchicha au spinachi iliyosagwa kwa ajili yake isilale nje ya friji, kwani bakteria hugeuza nitrati kuwa nitriti, na nitriti huizuia damu yake kubeba oksijeni. Na kwa wanaopika, maji ya kuchemshia yakimwagwa yanaondoka na nitrati nyingi, pamoja na vitamini C. Huwezi kuchagua kimoja.

Mkulima anaweza kuishusha bila gharama kubwa. Siku tatu au nne kabla ya kuvuna, mwaga tangi, weka maji safi, na kwa kila lita 100 tia gramu 30 za kalsiamu kloraidi na gramu 20 za potasiamu salfati. Mmea utaendelea kunywa, utakosa nitrati mpya, na utaanza kutumia akiba yake. Wengine huweka maji matupu. Inafanya kazi, lakini saladi iliyofunga kichwa inaweza kuungua ncha za majani ya ndani kwa kukosa kalsiamu. Usivuke siku tano, majani ya chini yataanza kuwa manjano na soko litakukataa. Kisha vuna alasiri, saa 10 au 11, mwanga ukiwa umefanya kazi ya siku nzima. Mboga ya saa 12 asubuhi ndiyo yenye nitrati nyingi na sukari kidogo, na kwa bahati mbaya ndiyo saa tunayovuna sisi sote ili tuwahi soko. Mwenye chumba cha baridi avune jioni, auze kesho yake.

Kupima kunawezekana shambani. Twanga gramu 10 za jani zima, pamoja na kikonyo chake, kwenye mililita 90 za maji yaliyokenekwa, chuja, chovya kijiti cha kupimia nitrati, kisha zidisha kwa 10. Kijiti kikisoma 250, jani lina takriban 2,500 kwa kilo. Angalia kasha la vijiti: vingine vinasoma nitrati yenyewe, vingine vinasoma naitrojeni iliyomo kwenye nitrati, na hiyo ya pili lazima izidishwe kwa 4.43. Wapo wanaojisifu kuwa na mboga safi kumbe walisahau kuzidisha.

Kuhusu vitamini sina mengi, kwa sababu sheria yake ni moja: mwanga. Vitamini C na karotini hupanda na jua na hushuka kivulini. Wavu unaozuia asilimia 50 ya mwanga unapunguza joto, na vilevile unapunguza kile ulichokuja kuuza; mahali pa baridi kama Lushoto au Limuru hauhitajiki, na pwani ni afadhali wavu wa asilimia 30 na upepo wa kutosha. Nailoni ya kitalu nyumba huzuia pia miale ya urujuanimno. Ushahidi wake unauona kwa macho: panda saladi nyekundu nje na ndani siku moja. Ya nje itakuwa na rangi ya zambarau, ya ndani itabaki kijani chenye wekundu wa kuazima pembeni. Wekundu ule ni kinga ya jani dhidi ya jua, na ni miongoni mwa vitu ambavyo watu wa lishe wanavisifia. Nyanya zina tatizo tofauti: joto likipita nyuzi 30 likopeni, rangi nyekundu ya nyanya, haitengenezwi vizuri, karotini inaendelea, na tunda linaiva rangi ya chungwa. EC ya 3 hadi 3.5 inaifanya nyanya iwe ndogo na tamu zaidi, kilo zikipungua. Ukipanda kutoka hapo kwenye joto letu, kitako cha tunda kitaoza kikiwa cheusi, kwa kukosa kalsiamu.

Faida ya kweli ya haidroponiki mjini ni saa. Spinachi iliyokatwa ikikaa kwenye joto la chumba inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya vitamini C ndani ya siku chache. Mboga ya paa la jirani, iliyouzwa na mizizi yake ndani ya kikombe cha maji, inashinda ya shambani iliyosafiri usiku kucha juu ya lori, hata kama siku ya kuvunwa zilikuwa sawa. Faida nyingine ni kujua maji yanatoka wapi. Mchicha wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, umepimwa mara kadhaa na kukutwa na madini mazito kama risasi. Huo umelimwa udongoni kabisa, "kiasili".

Na kwa kuwa wauzaji walewale sasa wanakwenda kwa wafugaji, nimalizie na malisho ya haidroponiki: shayiri au mahindi yaliyooteshwa kwenye trei kwa siku saba. Wanasema kilo moja ya mbegu inakuwa kilo saba za malisho. Ni kweli, na ni maji. Kilo moja ya shayiri ina gramu 900 za kitu kikavu, yaani kinachobaki maji yakiondolewa. Kilo saba za malisho yenye kitu kikavu asilimia 12 zina gramu 840. Ng'ombe amepoteza, kwa sababu mbegu ilipokuwa ikiota ilichoma wanga wake yenyewe. Asilimia ya protini inapanda kwenye karatasi ya maabara kwa kuwa wanga umepungua, si kwa kuwa protini imeongezeka. Trei imemwagiliwa maji matupu, itaongezeka kutoka wapi? Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anataka takriban kilo 12 za kitu kikavu kwa siku, ambazo ni kilo 100 za malisho hayo. Ni kiburudisho kizuri wakati wa kiangazi, kilo tano au sita juu ya hei na pumba. Ukungu ukitokea kwenye trei, tupa trei zima. Na mbegu zilizopakwa dawa, zile za rangi ya waridi au kijani kutoka dukani, zisiingie humo kabisa.

Ombi langu kwa gazeti ni dogo. Likija tena tangazo la mboga "zenye virutubishi mara mbili", dawati la matangazo limuulize mwenyewe: mara mbili ya nini? Amelinganisha na mbegu ileile, iliyovunwa siku hiyohiyo, au na mboga iliyonyauka genge la jirani? Amepima kwa uzito mkavu au kwa uzito wenye maji? Nitrati ni ngapi kwa kilo, na tangi lilimwagwa lini mara ya mwisho? Mwenye majibu atayatoa bila kinyongo, na hayo yachapishwe ndani ya tangazo lake, kwa herufi za ukubwa uleule wa bei.

Wako,
Msomaji, Arusha